Kutoka Wavuni Hadi Mstari wa Nyuma

 Wasikilizaji wa Runingu, Kiliba, Sange, Kavimvira na Uvira mjini, nanyi wa Gatumba ng'ambo ya Ruzizi, najua wengi wenu saa hii mmeizoea kuwa ya kabumbu. Leo nawaomba mnipe sikio kwa habari ya tenisi, na ni habari inayotuhusu kuliko tunavyodhani.

Tarehe 7 Agosti 2025, mjini Montréal, Kanada, binti wa miaka 18 aitwaye Victoria Mboko alimshinda Naomi Osaka wa Japani kwa seti 2-6, 6-4, 6-1 akatwaa ubingwa wa mashindano ya wazi ya Kanada. Mwaka huo ulipoanza alikuwa nje ya mia tatu bora duniani. Kabla ya kumfikia Osaka alikuwa amekwisha kuwaondoa Sofia Kenin, Coco Gauff na Elena Rybakina. Wote wanne ni watu waliowahi kushinda moja ya yale mashindano manne makubwa: Melbourne, Paris, Wimbledon au New York. Wazazi wa binti huyu ni Wakongomani waliotoka Kinshasa kwa ajili ya misukosuko ya siasa. Yeye alizaliwa Marekani, akalelewa Kanada, lakini jina Mboko hakuna Mkongomani anayehitaji kuelezwa limetoka wapi.

Mzee mmoja wa hapa Runingu, mtu aliyemfuatilia mchezaji wa tenisi Yannick Noah enzi zile, aliangalia vipande vya mchezo ule kwenye simu ya mjukuu wake, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo limenileta kwenye maikrofoni jioni hii. Alisema: huyu mtoto ana nguvu, ana miguu, lakini mbona hakimbilii wavuni? Noah alikuwa akianzisha mpira tu, tayari yuko mbele. Huyu anakaa nyuma na kupiga, kupiga, kupiga. Nani amewafundisha hivi?

Jibu langu, mzee wangu, ni kwamba hakuna kocha mmoja aliyewafundisha. Wachezaji wa tenisi walirudishwa nyuma na vitu vitatu: raketi, nyuzi na ardhi. Mtu hucheza anavyoruhusiwa na chombo alichoshika na uwanja anaoukanyaga. Ukijua raketi imetengenezwa kwa nini na uwanja umetandazwa nini, unaweza karibu kukisia mchezo wenyewe kabla ya kuuona.

Tuuweke uwanja mbele ya macho kwanza, maana redio haina picha. Urefu wake ni mita 23.77 kutoka mwisho hadi mwisho, na wavu katikati una urefu wa sentimita 91 tu, chini kidogo ya mita moja. Mchezaji ana namna mbili kubwa za kuishi humo. Ya kwanza ni kupiga servisi, yaani mpira wa kuanzisha, halafu kuufuata mbio hadi karibu na wavu na kuupiga unaorudi hewani kabla haujadunda. Ya pili ni kubaki kwenye mstari wa nyuma, kuuacha mpira udunde, kuurudisha, na kumchosha mwenzako mpaka akosee au akuachie mwanya. Historia yote ninayotaka kuwasimulia ni safari ya kutoka namna ile ya kwanza kwenda hii ya pili.

Mwaka 1968 ndipo wachezaji wa kulipwa waliporuhusiwa kuingia katika mashindano makubwa pamoja na wale wa ridhaa. Ken Rosewall wa Australia alishinda Paris, mwenzake Rod Laver akashinda Wimbledon. Wakati ule, na hadi 1974, matatu kati ya mashindano manne makubwa yalichezwa juu ya nyasi: Wimbledon, Australia na Marekani. Paris peke yake ndiyo ilikuwa kwenye udongo mwekundu. Sasa nyasi za siku zile zilikuwa na tabia moja. Mpira ukidunda haupandi. Unateleza, unabaki chini karibu na magoti, na mara nyingine unakengeuka kwa sababu ardhi si sawasawa. Kungoja mpira udunde kulikuwa ni kujitafutia hasara. Mwenye akili aliuwahi hewani.

Na mkononi alikuwa na raketi ya mbao. Uso wake ulikuwa mdogo, inchi mraba 65 hadi 70 hivi, nayo ilikuwa nzito. Ukiupiga mpira nje kidogo ya katikati, unakufa. Huwezi kwa chombo kile kusimama nyuma ya mstari na kuuchapa mpira kwa nguvu zako zote ukitumaini utaanguka ndani. Utaupeleka kwenye uzio. Kwa hiyo walipiga kwa kipimo, waliukata mpira chini uteleze zaidi, na walisogea mbele.

Hapo ndipo namkumbuka Arthur Ashe, na sitampita upesi. Mwaka 1975 alifika fainali ya Wimbledon, akakutana na Jimmy Connors, kijana aliyekuwa bingwa mtetezi na ambaye kila mtu alidhani atamla mzima. Connors alitumia raketi ya chuma na alipenda mpira uje kwa kasi, maana kasi yako ndiyo aliyoigeuza kuwa yake. Ashe kwa kawaida alikuwa mpigaji wa nguvu. Siku ile akauacha mchezo wake nyumbani. Akampa Connors mipira laini, ya chini, isiyo na uzito wowote, akimlenga upande wa mpigo wa mbele, yaani upande wa mkono wake wa raketi, ambako mipira ya chini ilimsumbua. Akashinda 6-1, 6-1, 5-7, 6-4, akawa mwanamume wa kwanza mweusi kutwaa taji la Wimbledon. Nasema hivi kwa sababu vijana wetu huambiwa kwamba mchezaji mkubwa ni yule mwenye mtindo wake usiobadilika. Ashe alikuwa na miaka 31, akabadilika kwa siku moja, na siku hiyo ndiyo anayokumbukwa nayo zaidi uwanjani.

Ashe huyo huyo ndiye aliyemkuta Noah. Mwaka 1971 alipita Yaoundé, Kameruni, akaona mtoto wa miaka 11 akipiga mpira kwa namna isiyo ya kawaida. Akamtaarifu Philippe Chatrier wa shirikisho la tenisi la Ufaransa, na mtoto akapelekwa Nice kujifunza. Wapenzi wa kabumbu, huyo mtoto baba yake, Zacharie Noah, alikuwa mchezaji wa Sedan iliyotwaa Kombe la Ufaransa mwaka 1961. Basi mwaka 1983 Yannick Noah akashinda Paris kwa kumfunga Mats Wilander wa Uswidi 6-2, 7-5, 7-6.

Mzee wangu, unachokikumbuka ni kweli kabisa, lakini nakuomba uone jinsi kilivyokuwa cha ajabu hata siku ile. Udongo mwekundu ni uwanja wa polepole. Mpira ukidunda juu yake unapungua kasi na kupanda juu, kwa hiyo mtu aliye nyuma anapata nafasi ya kumwona anayekuja mbele na kuupitisha mpira pembeni mwake. Kukimbilia wavu kwenye udongo ni kujitoa mhanga. Noah alijitoa mhanga wiki mbili nzima. Alipiga servisi akaifuata, alirudisha servisi ya mwenzake akaifuata, aliruka juu kwa miguu ile mirefu. Wilander, aliyekuwa bingwa mtetezi na mtu wa subira isiyo na mwisho, hakuachiwa nafasi ya kutulia. Na katika mkono wa Noah ilikuwa raketi ya mbao. Yeye ndiye mwanamume wa mwisho kushinda moja ya mashindano manne makubwa akiwa na mbao. Kwa hiyo ile shangwe ya Paris ilikuwa pia maziko ya zama nzima, ingawa waliokuwa uwanjani hawakujua.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa yamekwisha kuanza miaka saba kabla. Mwaka 1976 kampuni ya Prince, kwa kazi ya mhandisi Mmarekani Howard Head, ilitoa sokoni raketi yenye uso wa inchi mraba 110. Watu waliiona ni ya wazee na ya wasioweza kulenga. Kisha ikaja grafiti, kitu chepesi na kigumu kuliko mbao, kinachoweza kutengenezewa uso mpana bila kuvunjika. Leo raketi nyingi za wachezaji wa kulipwa zina uso wa inchi mraba 95 hadi 100. Mwaka 1987 mbao ilionekana Wimbledon kwa mara ya mwisho. Björn Borg, bingwa wa Wimbledon mara tano mfululizo kuanzia 1976 hadi 1980, alijaribu kurudi mwaka 1991 huko Monte Carlo akiwa bado na raketi yake ya mbao. Alifungwa na Jordi Arrese wa Hispania 6-2, 6-3. Mkono ulikuwa bado upo, lakini zama zilikuwa zimemwacha.

Lakini Borg huyo tusimwache hivi hivi, maana yeye ndiye aliyeonyesha njia akiwa na chombo cha zamani. Yeye na Chris Evert wa Marekani, na Connors pia, walipiga mpigo wa nyuma, yaani ule wa upande usio wa mkono wa raketi, kwa mikono miwili wakati walimu wengi waliuona kuwa ni udhaifu wa watoto. Na Borg aliushika mpini tofauti. Walimu wa zamani walimfundisha mtoto aishike raketi kama anavyompa mtu mkono. Jaribuni sasa hivi, hata kwa kijiti cha kuni. Halafu fanyeni hivi: kilazeni kile kijiti chini, kisha kiokoteni kama kilivyolala, kiganja kikiwa chini ya mpini. Mkono wote umegeuka, sivyo? Kwa mshiko huo wa pili, huwezi kuusukuma mpira moja kwa moja mbele. Unalazimika kuufuta kutoka chini kwenda juu, na mpira unatoka ukizunguka kuelekea mbele.

Mzunguko huo ndio ufunguo wa tenisi yote ya leo. Mpira unaozunguka kwenda mbele husukumwa chini na hewa. Unaweza kuupiga kwa nguvu, ukapita mita nzima juu ya wavu, halafu ukainama ghafla na kuanguka ndani ya mstari. Ukidunda, unaruka juu hadi begani kwa mwenzako. Yaani kile kilichokuwa kosa kwa mbao, kupiga kwa nguvu zote kutoka nyuma, kimekuwa silaha. Na yule aliyekimbilia wavuni sasa anapigiwa mpira unaozama miguuni pake. Anafanya nini? Anarudi nyuma.

Kuna kituko kimoja cha mwaka 1977 ambacho nakipenda kwa sababu kilitabiri kila kitu. Mjerumani mmoja, Werner Fischer, mtu wa kulima maua na bustani, alitengeneza raketi yenye tabaka mbili za nyuzi zisizosukwa pamoja, zilizowekewa vipande vya plastiki, ziweze kuteleza zikiguswa na mpira. Waliiita raketi ya spageti. Mpira uliotoka humo ulizunguka vibaya mno. Oktoba mwaka huo, huko Aix-en-Provence, Ilie Nastase wa Romania aliitumia dhidi ya Guillermo Vilas wa Argentina, aliyekuwa ameshinda mechi 53 mfululizo kwenye udongo. Vilas alipoteza seti mbili akaondoka uwanjani kwa hasira. Shirikisho la kimataifa liliipiga marufuku raketi ile, na mwaka 1978 likaandika kwa mara ya kwanza kanuni ya kusema raketi ni kitu gani. Nitarudi kwenye nyuzi zinazoteleza baada ya kitambo, kwa maana marufuku ile haikuumaliza mjadala.

Miaka ya themanini ikawa ya mvutano. John McEnroe, fundi wa wavuni, mwaka 1984 alipoteza mechi tatu tu mwaka mzima. Mojawapo ilikuwa fainali ya Paris, ambamo aliongoza seti mbili kwa bila dhidi ya Ivan Lendl wa Chekoslovakia, kisha Lendl akampiku kwa mipira mizito ya kutoka nyuma. Mechi ile mimi naihesabu kuwa kivuko. Upande wa wanawake Martina Navratilova na Evert walikutana mara 80, mmoja akija wavuni na mwingine akibaki nyuma, na Navratilova akatangulia 43 kwa 37. Mizani ilikuwa bado inaelekea sawa. Kisha mwaka 1990 Monica Seles, msichana wa miaka 16 aliyepiga kwa mikono miwili pande zote, akashinda Paris akiwa amekanyaga karibu na mstari, akiuwahi mpira unapoanza kupanda, na mizani ikaelemea upande mmoja.

Wimbledon ndiyo iliyobaki ngome ya watu wa wavuni. Pete Sampras alitwaa mataji saba huko kati ya 1993 na 2000. Lakini raketi zile nyepesi zilikuwa zimeifanya servisi iwe ya kutisha, na fainali ya 1994 kati yake na Goran Ivanišević ilikuwa na pointi nyingi zilizokwisha kwa pigo moja au mawili. Watu wakanung'unika kwamba hakuna mchezo wa kuangalia. Mwaka 2001 wenye uwanja wakabadilisha mbegu. Zamani nyasi zilikuwa mchanganyiko, asilimia 70 za aina iitwayo rai na 30 za feskyu. Sasa zikawa rai tupu. Walisema sababu ni uimara, nyasi zisikwanguke. Lakini ardhi iliyo chini ya nyasi hizo ilikuwa ngumu na kavu zaidi, na mpira ukaanza kudunda juu. Mwaka huo huo Ivanišević bado alishinda akipiga na kukimbilia mbele. Mwaka uliofuata, 2002, fainali ikawa kati ya Lleyton Hewitt na David Nalbandian, watu wawili waliokaa nyuma kutoka mwanzo hadi mwisho. Miaka michache, na uwanja ule ule ukawa na mchezo mwingine. Anayebisha kwamba ardhi ndiyo inayofundisha mtindo aiangalie Wimbledon ya 1994 na ya 2002.

Sasa nyuzi. Nyuzi bora za zamani zilitengenezwa kwa matumbo ya ng'ombe, na nyingine hutengenezwa hivyo hadi leo. Ni laini, zina uhai, lakini zinaushika mpira na kuurusha bila kuteleza sana. Mwaka 1997 Mbrazili Gustavo Kuerten, aliyekuwa nafasi ya 66 duniani, alishinda Paris akiwa na nyuzi za poliesta za kampuni ya Luxilon. Poliesta ni ngumu na ni laini juu. Ukiufuta mpira kwa nguvu, uzi unateleza pembeni kisha unarudi mahali pake kwa ghafla, na unapojirudi unauongezea mpira mzunguko. Lile jambo la raketi ya spageti lililopigwa marufuku likaingia kwa mlango wa nyuma, kwa uzi mmoja mmoja uliosukwa kihalali. Baada yake akaja Rafael Nadal, aliyeshinda Paris mara 14, na mpira wake ulizunguka zaidi ya mara 3000 kwa dakika. Kumkaribia wavuni mtu wa namna hiyo ilikuwa ni kumzawadia.

Ndiyo sababu mechi nazo zikarefuka. Fainali ya Australia ya 2012 kati ya Novak Djokovic na Nadal ilikwenda saa 5 na dakika 53. Fainali ya Paris ya 2025, Carlos Alcaraz na Jannik Sinner, ilikwenda saa 5 na dakika 29, na Alcaraz aliokoa pointi tatu za kupoteza taji. Lakini msidanganyike na urefu huo mkadhani kila pointi ni ndefu. Waliohesabu wameona kwamba katika michuano mikubwa kama pointi saba katika kumi huisha kabla mpira haujapigwa mara tano. Mchezaji wa leo anakaa nyuma, naam, lakini anataka kuuua mpira wa kwanza anaoupata baada ya servisi. Hiyo ndiyo shule ya Serena Williams, mwenye mataji 23 makubwa: servisi nzito, pigo zito, tumemaliza. Na hiyo ndiyo shule ya Mboko.

Je, tumepoteza kitu? Mimi nasema ndiyo, na kinaniuma. Februari 2024, kwa mara ya kwanza tangu orodha ya ubora ya wanaume ianze mwaka 1973, hapakuwa na hata mtu mmoja katika kumi bora anayepiga mpigo wa nyuma kwa mkono mmoja. Ule mpigo uliomfanya mtu afungue kifua chote mbele ya uwanja, tuliouona kwa Laver na kwa Roger Federer, umekuwa wa kutafutwa. Baadaye wamerudi mmoja mmoja, Lorenzo Musetti wa Italia akiwamo. Lakini tuwe wa haki: watu wamekaa nyuma mno hadi nafasi ya mbele imekuwa wazi, na wajanja wameiona. Ons Jabeur wa Tunisia alifika fainali mbili za Wimbledon, 2022 na 2023, kwa kuidondosha mipira karibu na wavu huku wenzake wakiwa mita mbili nyuma ya mstari. Alcaraz naye anaupindisha mkono dakika ya mwisho, umati unangoja kombora, mpira unaanguka hatua chache baada ya wavu na kufa hapo. Noah angecheka kwa furaha.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ng'ambo ya Ruzizi, Bujumbura, kuna klabu ya Entente Sportive, na viwanja vyake ni vya udongo. Huko Burundi walitoka Hassan Ndayishimiye, aliyefika Wimbledon ya vijana, na Sada Nahimana, mzaliwa wa Bujumbura wa mwaka 2001, aliyepelekwa kituo cha shirikisho la kimataifa huko Casablanca akacheza mashindano makubwa ya vijana. Zamani mtoto wa ukanda huu angekuwa na kikwazo cha kwanza kabla ya vingine vyote: wakubwa wanacheza kwenye nyasi, na nyasi za namna ile hapa hakuna. Kikwazo hicho kimekwisha. Udongo unafundisha kurudisha, kuzungusha na kujenga pointi, na leo ndivyo tenisi inavyochezwa kila mahali, hata Wimbledon. Dunia imehamia upande wetu.

Na ushahidi ninao. Julai 2022, fainali ya wasichana wawili wawili huko Wimbledon. Upande mmoja alikuwa Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili Wakanada wawili, Kayla Cross na, sikilizeni vizuri, Victoria Mboko. Okutoyi na mwenzake walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, na ile ya kuamulia wakaishinda kwa pointi 11-9. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mashindano makubwa. Mabinti wawili, mmoja wa Nairobi na mmoja wa wazazi wa Kinshasa, wavu mmoja katikati yao, na yule wa Nairobi ndiye aliyeinua kombe. Miaka mitatu baadaye Mboko alikuwa bingwa wa Montréal. Okutoyi alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn huko Marekani kuchezea timu ya chuo, na Machi 2024 akailetea Kenya dhahabu ya michezo ya Afrika huko Accra.

Siamini kwamba kilichowatenganisha ni mtindo. Wote wawili wanapiga kutoka nyuma, wote kwa mikono miwili upande wa nyuma, wote wamefundishwa kuzungusha mpira. Kilichowatenganisha, kwa maoni yangu, ni mechi. Mtoto wa Kanada anapata mpinzani mkali ndani ya saa moja ya gari. Mtoto wa Nairobi, wa Bujumbura au wa Uvira anampata kwa ndege, kwa viza, kwa fedha za nauli ambazo mzazi hana. Na nyuzi zile za poliesta hulegea upesi hata kama hazijakatika, kwa hiyo wachezaji wa kulipwa huingia uwanjani na raketi zilizofungwa nyuzi mpya kila mechi. Mtoto wetu hucheza na nyuzi zilizochoka miezi kadhaa, kisha tunamlaumu kwamba mpira wake hauzunguki.

Tunaanzia wapi basi, sisi wa Runingu ambao hata hicho kiwanja cha udongo hatuna? Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Tangu Januari 2012 shirikisho la kimataifa liliagiza kwamba watoto wa miaka kumi kushuka chini wasishindane kwa mpira wa kawaida wa manjano. Wanapewa mipira laini ya rangi tatu. Ule mwekundu unakwenda polepole kwa asilimia 75 kuliko wa kawaida, wa machungwa kwa 50, wa kijani kwa 25. Na kiwanja cha mpira mwekundu kina urefu wa mita 11 tu, upana wa mita tano au sita. Mpira ule hauruki juu ya kichwa cha mtoto, kwa hiyo tangu siku ya kwanza anaweza kuufuta kutoka chini kwenda juu, akabadilishana na mwenzake mara kumi, ishirini, bila kukosea. Ule mchezo wa mstari wa nyuma ambao Borg alibishana na walimu kuupata, mtoto wa miaka saba sasa anaanza nao.

Mita 11 kwa sita zinaenea katika ua wa shule yoyote ya msingi kati ya hapa na Sange. Ardhi yetu ya uwandani, ikishindiliwa kiangazi na kupigwa chokaa, inatosha. Wavu unaweza kuwa kamba iliyofungwa kwenye vijiti viwili, urefu wa sentimita 80. Raketi fupi za watoto na mipira hiyo ndiyo ya kutafuta, na Bujumbura kuna watu wa tenisi wanaojua zinakopatikana. Bwana direkta, ukiwa unanisikiliza, na una ua wa shule unaokaa bure kila Jumatano mchana, nitumie ujumbe hapa redioni. Mama mzazi, nawe kama una kijana aliyewahi kushika raketi huko Bujumbura, Bukavu au kambini, na amerudi nyumbani hana la kufanya, mwambie aje. Tunahitaji mtu wa kuwaonyesha watoto jinsi ya kukiokota kile kijiti chini, na kiganja kikiwa chini ya mpini.